Mgolole wa Sita

Katibu wa tawi alivileta vitambaa mwenyewe, amevikumbatia kifuani kama baba aliyepata mtoto wa kwanza. Ulikuwa mwaka ule vita ilipokwisha. Madukani hakukuwa na sabuni wala sukari, na hata uzi wa cherehani niliupata kwa kubembeleza. Akaviweka vitambaa vyeupe juu ya meza yangu, pale barazani Kagongwa nilipokuwa nashonea, akasema anataka migolole mitano, ipindwe vizuri pande zote, ya kuwavisha mashujaa wetu siku ya mapokezi.

Nikamwambia, "Sita."

"Mitano, fundi."

"Waliorudi vitani hapa kwetu ni sita. Kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nikikosea hesabu, suruali inatoka na mguu mmoja."

Akacheka kidogo, akaangalia barabarani kama vile kuna lori analingoja. Kisha akasema maneno ambayo sijayameza mpaka leo, na mimi sasa ni bibi wa watu. "Kaka yako bado anaangaliwa. Aliyekamatwa na adui, fundi, si sawa na aliyepigana."

Anaangaliwa! Ng'ombe wa mnadani ndiye anayeangaliwa, meno na kwato. Yule katibu hakuwahi kuvuka hata mto wa kijijini mvua ikinyesha, wakati wa vita alikuwa akigawa fomu, na sasa ndiye amekuwa mpimaji wa ushujaa wa watu. Nilitaka kumrushia vitambaa vyake usoni. Sikumrushia. Nguo ilikuwa adimu na mimi ni fundi, kwa hiyo nilivipokea nikavikunja, na hasira yangu nikaikunja humo humo.

Kaka yangu alikuwa rubani wa ndege za vita. Sisi ni watoto wa mkulima wa pamba, tumelala juu ya ngozi ya ng'ombe, na yeye akaenda ng'ambo akajifunza kurusha chuma angani, akarudi amevaa koti la buluu lenye vifungo vinavyong'aa. Baba alikuwa amekwisha kufa. Aliyejigamba kwa niaba yake ni baba mdogo. Ndege yoyote ikipita juu ya Kagongwa, hata ile ya kunyunyizia dawa, alitoka nje akapunga mkono na kuwaambia majirani, "Huyo mwanangu, ananisalimia."

Lakini kabla ya koti na kabla ya ndege, kaka alikuwa nsumba ntale. Kwetu Usukumani vijana hulima kwa makundi, leo shamba la huyu, kesho la yule, wamesimama mstari mmoja na majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo. Nsumba ntale ndiye mkubwa wao. Hupanga zamu, humtoza mvivu faini, huamua ugomvi, na chakula kikiletwa shambani yeye hula mwisho. Akithubutu kula kwanza, huvuliwa cheo siku hiyo hiyo. Kaka alikipata cheo hicho ndevu zake bado zinahesabika, na nilikuwa nikipeleka chakula shambani nikimwona anavyogawa, bakuli lake likibaki na ukoko.

Vita ilipopamba moto, gari la jeshi lilisimama nyumbani kwetu. Maofisa wawili wakamwambia mama kwamba ndege ya mwanawe ilivuka mto Kagera na haikurudi. Hawakusema amekufa. Walisema haikurudi. Wazee wa ukoo wakangoja mwezi, wakangoja wa pili, kisha wakasema nyumba haiwezi kukaa na mtu aliyening'inia, hayupo kwa wazima wala hayupo kwa wafu. Tukakaa matanga. Mimi ndiye niliyemnyoa mama kwa wembe, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Mama akatafuta bafta ya sanda kwa shida kubwa, akaiweka sandukuni, akasema mwili ukiletwa usije ukatukuta hatuna. Siku ya kuanua matanga nguo za kaka ziligawiwa, kama ilivyo desturi. Koti la buluu alilichukua baba mdogo.

Kisha mji mkuu wa adui ukaanguka na magereza yakafunguliwa. Miezi ikapita, na mchana mmoja lori la pamba likasimama njia panda. Akateremka mtu mwembamba, mikono yake imefungwa bendeji mpaka viwikoni, akaja moja kwa moja kwenye ua wetu. Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulimtoka mikononi, kuku wakala mtama wote, wala hakuna aliyewafukuza.

Ungedhani watu wangeimba. Wazee walisema, ngoja kwanza. Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango, maana mlangoni tulikwisha kumtoa. Akakalishwa juani juu ya debe, mtu aliyetoka hospitali, huku wao wakibishana ukuta upi ubomolewe. Niliwapigia kelele mpaka shangazi mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja. Mwishowe walitoboa ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama, tundu la kupita mbuzi, wakamwambia aingie.

Kaka akalitazama lile tundu, akasema, "Nimepita pabaya kuliko hapa." Akaingia akitambaa kwa viwiko, kwa sababu mikono haikuweza kubeba uzito wake.

Jioni ile baba mdogo alikuja kumpa pole, amevaa lile koti. Amelifunga vifungo vyote, joto la Shinyanga lile. "Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu," akasema, akacheka, wala hakulivua. Nilisimama nilivue mwenyewe. Kaka akasema, "Mwache. Linamkaa."

Na baba mdogo huyo huyo ndiye aliyeanza maneno. Si mtu mwingine. Alikuwa amekwisha kulizoea koti, na ile sehemu ya shamba aliyopewa siku ya matanga alikwisha kuipanda viazi. Kwenye pombe akawa anasema, rubani ni mtu wa siri nyingi, adui hamwachi rubani bure. Wenzake wangapi walipigwa risasi? Yeye alitoa nini? Maneno yakazunguka gengeni, yakazunguka kisimani, yakafika ofisini kwa katibu, na huko yakapewa jina zuri la kuangaliwa.

Nilikuwa nikiwajibu watu. Nilimfukuza mteja mmoja na gauni lake likiwa nusu mkono. Lakini kaka mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa akiamka, anakwenda shambani, anakaa chini ya mkwaju, anarudi. Kimya chake kiliniudhi. Nilitaka anipe jambo la kuwapiga nalo watu vichwani, naye hakunipa. Ndipo mchana mmoja, tukiwa tunakula, nikamwuliza. Nitalisema wazi, maana ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Nilimwuliza mbele ya mama, "Kaka, uliwaambia nini hata wakakuacha hai?"

Mama aliacha kutafuna. Kaka alikuwa ameshika tonge kati ya vidole viwili vilivyobaki vinakunjika. Akalirudisha kwenye sahani taratibu. Akasema, "Ugali umeiva vizuri," akainuka, akatoka.

Tangu siku ile akawa ananijibu nikimsemesha, lakini yeye hakunisemesha tena.

Basi nimekaa barazani napinda mgolole wa tatu, siku chache kabla ya mapokezi, akaja kijana mmoja miguu yake imekauka udongo mwekundu mpaka magotini. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia. Akasema ametoka Masumbwe, anachimba dhahabu, ameacha wenzake duarani, na duara kwa wachimbaji ni lile shimo lao. Akauliza, "Ndipo kwa nsumba ntale?"

"Nsumba ntale gani? Hicho ni cheo cha ujanani. Aliyepo hapa ni rubani anayeangaliwa."

Hakuelewa. Akaviona vitambaa vyeupe, akauliza ni vya nini, nikamwambia. Nilimwambia yote, mitano na wa sita, kwa sumu yote niliyokuwa nayo. Akavua kofia. Akakaa chini kwenye sakafu ya baraza ingawa kiti kilikuwepo.

"Dada," akasema, "mimi nilikuwa askari wa miguu. Nilikamatwa wiki ya kwanza. Tulifungiwa chumba kimoja watu kumi na sita. Asubuhi wanaleta ndoo moja ya uji, wanaisukuma kwa mguu, wanafunga. Siku za mwanzo tulikuwa tunapigana. Mwenye nguvu anakunywa, mgonjwa analamba sakafu. Mimi nilikuwa na nguvu. Nakuambia ukweli, nilikunywa."

Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Akaletwa yeye, mikono imeungua, haiwezi hata kushika kijiko. Akatutazama tunavyopigana, akauliza, 'Nani hapa anajua kulima?' Tukamwona kichaa. Akasema, 'Kuanzia leo sisi ni kundi la kulima, na mimi ni nsumba ntale wenu. Mgonjwa anakunywa kwanza. Mimi nitakunywa mwisho. Anayebisha aje aninyang'anye, si mnaona sina mikono?' Nani atamnyang'anya mtu asiye na mikono, dada? Tuliona aibu."

Akaeleza kwamba kila asubuhi kaka aliwasimamisha mstari mmoja, mikono mitupu, wakalima sakafu ile ya saruji. Siku hii wanalima shamba la mama wa huyu, siku ya pili la mama wa yule, kwa zamu. Mwenye shamba lazima aeleze kwanza: linaanzia wapi, udongo wake ni wa namna gani, mti uko wapi, kijito kiko wapi. Wakiinua na kushusha, wakiimba kwa midomo bila sauti. Asiyeweza kusimama aliinuliwa na wawili. Walinzi walichungulia dirishani wakasema Watanzania wamerukwa na akili, wakawaacha. "Yule mwenye akili ndiye aliyetuzuia tusirukwe," akasema.

"Watatu walikufa humo humo. Nsumba ntale akakataa tusogee kuziba nafasi zao. Mstari ukisimama, nafasi tatu zinabaki wazi."

"Na yeye?" nikauliza. "Hawakutaka kitu kwake?"

"Walitaka. Yeye ndiye mwenye cheo. Walitaka azungumze kwenye redio, aseme nchi yake ndiyo ya makosa, wamhamishie chumba cha maofisa, kitanda na daktari wa mikono. Dada, mikono ilikuwa inatoa usaha, tunafukuza nzi kwa zamu. Akawaambia daktari aanze na hawa kumi na sita. Wakampiga. Wakaja tena wiki nyingine, akawaambia vile vile. Wakampiga tena." Akavaa kofia yake. "Tuliapa tukitoka, mvua ya kwanza tutalima kweli. Tunaanzia kwa mama yake. Nimekuja kuangalia kama mvua imefika."

Sikusikia mama ametoka ndani. Alikuwa amesimama mlangoni na ile bafta mikononi, bado na mikunjo ya sanduku. Akaiweka juu ya migolole ya katibu.

"Kata hii," akasema. "Mwenyewe yupo."

Nikakata. Ile mitano niliipinda pindo moja kama nilivyoagizwa. Wa sita niliupinda mara mbili, kwa mkono, kwa uzi niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya harusi ya mtu. Kila nilipochoma sindano nilimlaani katibu, nikamlaani baba mdogo, kisha nikalikumbuka lile swali langu, sindano ikanichoma mwenyewe.

Siku ya mapokezi uwanja wa shule ulijaa. Jukwaa limepambwa kwa matawi, ngoma zinapigwa. Mstari wa mbele kwenye viti vya wageni nani amekaa? Baba mdogo, ndani ya koti la rubani, amekunja nne. Kaka hakualikwa. Nilisimama katikati ya wanawake na mgolole wa sita kwapani, na nilikuwa nimekusudia kupiga kelele. Katibu akasoma jina la kwanza, mzee akamvisha, watu wakapiga vigelegele. La pili. La tatu. Sina ubaya na wale watano, walipigana, nami niliwashonea kwa haki. La tano likapita. Katibu akakunja karatasi yake. Nikavuta pumzi.

Wimbo ukanitangulia. Ulitoka upande wa barabara, sauti za wanaume, wimbo wa kulima, ule wa mwendo wa majembe. Wakatokea watu tisa wakiwa na majembe mabegani, yule wa Masumbwe mbele, mmoja mzee kidogo kutoka Songwa, wengine hata Kisukuma chenyewe wanakiimba kwa matamshi ya mbali. Wakapita kando ya uwanja. Hawakusimama, hawakutazama jukwaa. Watoto wakawafuata kwanza. Wakafuata wanawake, kisha wapiga ngoma na ngoma zao. Na wale mashujaa watano waliposikia ni akina nani, wakateremka jukwaani na migolole yao wakafuata. Katibu alibaki anavisimulia viti.

Kaka alikuwa shambani tayari, jembe amelifunga kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hakukumbatiana na mtu. Alisema tu, "Mmechelewa," na wao wakasimama mstari, wakaacha nafasi tatu wazi bila kuambiwa. Majembe yakapanda, yakashuka. Udongo uliolowa mvua ya kwanza ukafunguka, na sauti safari hii walizitoa zote.

Nilikuwa natazama nikitafuta wa kumkasirikia. Wakafika katikati ya shamba, penye kichuguu kilichofichwa na majani, ambacho mgeni hukigundua jembe likimvunjikia. Watu wale hawakuwahi kukanyaga shamba lile maishani mwao. Wote, bila kusimamisha wimbo, wakazunguka kwa upande wa kulia, maana upande wa kushoto ndiko amelala baba. Nikakaa chini kwenye tope na gauni langu la sherehe.

Katibu alifika anahema, viatu vyake vimeshiba udongo. "Ndugu rubani," akasema, "jukwaa linakungoja. Tumeona tukuongeze."

Kaka hakuinua kichwa. "Subiri tumalize mstari."

"Au shika jembe, ng'wanone," mama akamwambia. Mwanangu, amemwita, kwa upole kabisa, na watu wakacheka mpaka katibu akarudi alikotoka. Baba mdogo alisimama kando, jasho linamtiririka, na koti hakulivua. Hasira yangu kwake nilimzika nayo. Ya katibu bado ninayo.

Tukaleta ugali na maziwa ya mgando. Kaka akagawa mmoja mmoja. Nikamwendea na mgolole, nikamvisha begani. Akaupapasa kwa vile vidole viwili.

"Nguo hakuna nchi nzima. Hii mmeitoa wapi?"

Nilikuwa natafuta uongo. Mama akasema, "Sanda yako."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. Kisha akauvua, akauma pindo langu kwa meno, akauchana. Nilipiga ukelele, kazi ile yote! Akauchana vipande vitatu, akaviringisha kila kimoja kwenye mpini wa jembe, na wale wenzake wakayasimika majembe matatu kwenye zile nafasi zilizoachwa wazi. "Wale hawakupata sanda," akasema.

Nilirudi kukaa, naye akaja akaketi karibu nami, kwenye tope lile lile. Mara ya kwanza kunisemesha mwenyewe tangu ule mchana wa ugali.

"Uliniuliza niliwaambia nini."

Nikaanza kukwangua tope kwenye gauni langu.

"Niliwaambia katikati ya shamba la mama kuna kichuguu. Wakikifikia, wazunguke kwa kulia."

Kisha akachukua bakuli lake, la mwisho, na ugali ulikuwa umekwisha kupoa.